Kuhamisha, Kuunganisha na Kutenganisha: Historia ya Kesi za Mirathi Lodwar na Kakuma

1. UTANGULIZI

Mturkana mwenye mifugo akifa, aghalabu huacha mali isiyokaa mahali pamoja. Ngamia wako na mwana mmoja, ng'ombe wamepelekwa milimani na mwana mwingine, mbuzi na kondoo wamebaki karibu na boma, na wanyama wengine wamo mikononi mwa marafiki ambao marehemu alipeana nao mifugo kwa miaka mingi. Tangu miji ilipoanza kukua, wako pia wanaoacha kiwanja Lodwar, duka Kakuma na akiba benki. Juu ya mali hiyo iliyotawanyika sheria ya nchi huuliza swali moja kwanza: marehemu alikuwa akiishi wapi mara ya mwisho? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kesi ifunguliwe katika mahakama ipi. Na likijibiwa vibaya, kesi hubidi ihamishwe, au iunganishwe na nyingine, au itenganishwe.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya vitendo hivyo vitatu katika nchi ya Turkana, na kuchunguza maneno ya Kiswahili yanayovitaja. Hoja yake ni kwamba vitendo hivyo si mambo ya makarani peke yao. Katika nchi ambayo shahidi husema Kiturkana, hakimu huweza kusikiliza kwa Kiswahili, na jaji huandika kwa Kiingereza, kuhamisha kesi ni kuihamisha lugha ya msiba. Kwa hiyo usahihi wa istilahi una uzito wa mali: neno likilegea, mtu hupoteza fungu lake.

2. MIRATHI KABLA YA MAHAKAMA

Haifai kudhani kwamba mahakama zilikuta watu wasiojua kugawa. P. H. Gulliver, aliyeishi na Waturkana na majirani zao Wajie mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake *The Family Herds* cha mwaka 1955 jinsi mifugo ya familia ilivyogawika mwenyewe angali hai. Boma, ambalo Waturkana huliita *awi*, lilikuwa na wake kadhaa, na kila mke alikuwa na sehemu yake pamoja na wanyama aliotengewa kwa ajili ya maziwa ya watoto wake. Kibanda cha kivuli cha mke, *ekol*, kilikuwa ishara ya sehemu hiyo. Baba alibaki na mamlaka juu ya mifugo yote, lakini kila mmoja alijua mnyama yupi amenyonywa na nyumba ipi.

Hivyo baba alipokufa, kazi ya wazee haikuwa kuvumbua mafungu mapya. Ilikuwa kutambua mafungu yaliyokuwapo tayari. Wana walirithi kwa kupitia nyumba ya mama yao. Wanyama ambao hawakuwa wametengewa nyumba yoyote ndio waliozua mjadala, na hapo sauti ya mwana mkubwa ilikuwa na nguvu. Mjane aliendelea kukama na kulisha watoto wake. Binti hakuhesabiwa katika mgawanyo, kwa kuwa fungu lake lilidhaniwa kuwa katika boma la mumewe, na mahari yake ndiyo yaliyoongeza mifugo ya ndugu zake.

Katika mfumo huo mambo matatu yanafaa kukumbukwa. Kwanza, kuhama kulikuwa desturi ya maisha. Boma lilifuata malisho na maji, na mahali pa kufia palikuwa jambo la nasibu. Pili, kuunganisha kulikuwa kwa muda: wenye mifugo walichunga pamoja wakati wa hatari au wa malisho mazuri, lakini kila mnyama alikuwa na alama yake na mwenyewe. Tatu, kutenganisha kulikuwa kazi ya miaka, si ya siku moja. Ndugu wa baba mmoja waliweza kukaa pamoja muda mrefu baada ya kifo cha baba, kisha wakaachana polepole kila mmoja alipopata wake na watoto. Sheria iliyokuja baadaye ilidai mambo hayohayo matatu, lakini kwa tarehe, kwa hati na kwa muhuri.

3. KUTOKA BARAZANI HADI SHERIA YA MIRATHI

Waingereza waliitawala Turkana kwa nguvu ya bunduki kabla ya kuitawala kwa karatasi. Baada ya operesheni za kijeshi zilizofikia kilele mwaka 1918, wilaya hiyo iliendelea kuwa nchi iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia bila ruhusa. Upweke wake ulijulikana kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliuchagua Lokitaung, kisha Lodwar, kuwa mahali pa kumfungia Jomo Kenyatta kati ya mwaka 1953 na 1961. Katika hali hiyo mashauri ya urithi yalibaki mikononi mwa wazee na machifu, mbele ya ofisa wa wilaya inapobidi. Ofisa alizungumza kwa Kiswahili na mkalimani wake, na mkalimani akazungumza kwa Kiturkana na wazee. Hii ndiyo asili ya Kiswahili cha mahakama katika wilaya hiyo: kilifika kama lugha ya katikati, si lugha ya nyumbani ya upande wowote.

Kenya yote wakati huo ilikuwa na sheria nyingi za mirathi kwa pamoja. Wazungu walifuata sheria iliyotoka India ya mwaka 1865, Waislamu walifuata sheria yao, Wahindu yao, na Waafrika wengi mila za makabila yao. Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea. Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliziweka mahakama za Kiafrika katika mfumo mmoja na mahakama nyingine, na mashauri ya urithi wa kimila yakaingia rasmi mbele ya mahakimu. Mwaka huohuo iliteuliwa tume ya kuchunguza sheria za mirathi, chini ya uenyekiti wa Humphrey Slade, ambaye alikuwa Spika wa Bunge. Tume ilitoa ripoti mwaka 1968. Sheria ikapitishwa mwaka 1972. Lakini haikuanza kutumika mpaka tarehe 1 Julai 1981.

Sheria hiyo, Sura ya 160, ilinuia kuwa na kanuni moja kwa Wakenya wote. Hata hivyo ilijiwekea mpaka. Kifungu cha 32 kilisema kwamba sehemu inayohusu watu wanaokufa bila wosia haitagusa ardhi ya kilimo, mazao yake, wala mifugo, katika maeneo yatakayotajwa na Waziri. Na kifungu cha 33 kikaongeza kwamba mali ya namna hiyo itafuata sheria au mila ya jamii ya marehemu. Katika mwaka uleule wa 1981 Turkana ilitajwa miongoni mwa maeneo hayo, pamoja na wilaya nyingine za wafugaji kama vile Samburu, Marsabit, Wajir, Garissa, Kajiado na Narok. Mwaka 1990 Waislamu nao waliondolewa katika kanuni nyingi za sheria hiyo.

Matokeo yake ni kwamba mirathi ya mtu mmoja wa Lodwar iliweza kuwa chini ya sheria mbili. Nyumba yake na akiba yake benki zilifuata sheria ya Bunge. Ngamia wake walifuata mila. Mahakama ilikuwa moja, hati ya usimamizi ilikuwa moja, lakini mizani ya kugawia ilikuwa miwili.

4. KUHAMISHA

Kitenzi *hama* ni cha Kibantu cha kale. Wakikuyu wana *thaama*, na Wachewa wana *sama* katika maana iliyo karibu. Kwa kuongezewa kiambishi cha kusababisha tunapata *hamisha*, na kwa kutendwa *hamishwa*. Yafaa kuona kwamba katika msamiati wa mirathi, majina ya mambo yenyewe kwa sehemu kubwa yametoka Kiarabu: *mirathi, wosia, warithi, wasii, hakimu, kadhi*. Vitu vya ofisini vimetoka Kiingereza: *kesi, faili, korti*. Lakini vitendo ambavyo mahakama huvitenda juu ya vitu hivyo ni vya Kibantu: *hamisha, unganisha, tenganisha, gawanya*. Maana yake ni kwamba mlei akisikia jina hujua hajui, na atauliza. Akisikia kitenzi hudhani anajua, na hatauliza. Hatari ya kutoelewana imo katika maneno mepesi.

Sheria ya Mirathi inajua kuhamisha kwa namna zaidi ya moja. Kifungu cha 49 kinampa mamlaka hakimu wa eneo ambamo marehemu alikuwa na makazi yake ya mwisho yanayojulikana. Hakimu huyo anaweza kuhamishia usimamizi wa mirathi kwa hakimu mwingine ikiwa sehemu kubwa ya mali imo katika eneo la huyo mwingine, au ikiwa kuna sababu nyingine njema. Lakini lazima apate idhini ya Mahakama Kuu au aelekezwe nayo. Kifungu hichohicho kinamruhusu hakimu yeyote, panapokuwa na dharura, kutoa hati ya muda ya kukusanya mali iliyomo katika eneo lake na kulipa madeni, bila kujali marehemu alikuwa akiishi wapi. Kifungu hiki cha dharura kina manufaa makubwa katika nchi ya wafugaji, kwa sababu mifugo isiyo na msimamizi haingoji: hufa kwa ukame, huibwa, au huuzwa.

Kuhama kwa namna ya pili ni kupanda juu. Mpaka mwaka 2015 hakimu aliweza kusikiliza mirathi isiyozidi thamani ya shilingi 100,000 tu, na hakuweza kusikiliza ombi la kubatilisha hati chini ya kifungu cha 76. Hebu itazamwe maana ya kikomo hicho. Kiwanja kimoja chenye nyumba ya mawe mjini kilitosha kukivuka. Na mjane aliyegundua kwamba shemeji yake amekwisha kupata hati kwa kuficha kwamba yeye yupo, hata kama mali ilikuwa ndogo, hakuweza kuomba hati hiyo ibatilishwe mbele ya hakimu aliyeitoa. Kabla ya Mahakama Kuu kuwekwa Lodwar, alitakiwa kwenda Kitale. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni kama 300 nyingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 ilipandisha vikomo, kuanzia shilingi milioni 5 kwa hakimu mkazi hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu, na tangu hapo mahakimu waliweza kusikiliza maombi ya kubatilisha hati. Mahakama Kuu ikaja kukaa Lodwar, na mahakama ya hakimu ikawekwa Kakuma yenyewe, mahali ambapo awali mahakimu wa Lodwar walikuwa wakifika kwa safari za mahakama tembezi.

Lakini umbali haukuwa wa kilomita peke yake. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kiliweka kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Kwa hiyo kesi iliyotoka kwa hakimu kwenda kwa jaji ilivuka mpaka wa lugha. Mjane aliyekuwa amezoea kusikia mambo yake kwa Kiswahili, ambacho walau alikisikia sokoni, sasa aliyasikia kwa mkalimani peke yake. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini hadhi ya katiba haifuti kwa siku moja mazoea ya daftari la jaji.

Hapa kitenzi chenyewe kinahitaji kuangaliwa. Karani humwambia mtu, "Kesi imehamishwa." Sentensi ni sahihi kisarufi, nayo haimtaji mtenda. Katika mazungumzo ya kila siku kuacha mtenda si kosa. Katika kifungu cha 49 mtenda ndiye sheria yenyewe: uhamisho bila idhini au maelekezo ya Mahakama Kuu si uhamisho halali. Kwa hiyo swali la "imehamishwa na nani, kwa amri ya tarehe gani?" si utundu wa lugha. Ni haki ya msingi ya mhusika, na kauli ya kutendwa isiyo na *na* humsahaulisha kuiuliza.

Kuna jambo la pili. Mahakama Kuu ya Uganda iliamua mwaka 1968, na mahakama za Kenya zimefuata uamuzi huo mara nyingi, kwamba kesi iliyofunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kuhamishwa. Haikuwapo tangu mwanzo. Wanasheria huona kanuni hiyo kuwa ngumu kuwaeleza walei. Kwa mfugaji si ngumu hata kidogo, iwapo mkalimani atalichukua neno *hama* kwa uzito wake. Hakuna anayehama mahali ambapo hakupata kukaa. Kadhalika, boma likihama haliachi boma la pili nyuma yake: faili iliyohamishwa haipaswi kuacha faili nyingine hai pale ilipotoka.

5. KUUNGANISHA

Kesi mbili juu ya marehemu mmoja si jambo la ajabu katika familia za nyumba nyingi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba mwana wa nyumba ya kwanza amefungua ombi Lodwar, akiwa na barua ya chifu wa huko inayotaja warithi wa nyumba yake tu. Na mke wa nyumba ya pili amefungua ombi Kakuma kwa barua ya chifu mwingine. Kila barua imesema kweli kwa kadiri chifu alivyoijua, na zote mbili pamoja zinapotosha. Ili kuzuia hali hiyo Kanuni za Mirathi na Usimamizi za mwaka 1980 ziliweka sajili kuu Nairobi, ambako maombi ya nchi nzima huandikwa, na tangazo la ombi hutolewa katika Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Lakini tangazo la gazeti huwafikia wasomaji wa gazeti.

Mahakama ikigundua kesi mbili za namna hiyo, huziunganisha. Kanuni ya 63 iliingiza katika mirathi baadhi ya taratibu za mashauri ya madai, mojawapo ikiwa utaratibu wa kuunganisha mashauri. Faili moja hufanywa kuwa ya kuongoza, na amri zote huandikwa humo. Kuunganisha huku hakuna utata: marehemu ni mmoja, mali ni moja, hati lazima iwe moja.

Utata huingia panapokuwa na marehemu wawili. Nchini Turkana jambo hili lina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni kwamba baba hufa, familia ikaendelea kuishi bila kwenda mahakamani, kisha mwana naye akafa. Mjukuu anapohitaji hati kwa ajili ya kiwanja au fedha za benki, hukuta kwamba mali anayoitaka bado ina jina la babu. Sababu ya pili ni mahari. Ndoa ya Kiturkana hulipwa kwa mifugo mingi, na malipo huweza kuchukua miaka. Mume akifa kabla ya kumaliza, mali yake inadaiwa na boma la mkwewe. Na mkwe akiwa naye amefariki, mirathi moja inaidai nyingine.

Msimamo wa sheria ni kwamba kila marehemu ana mirathi yake, na kila mirathi ina kesi yake. Mahakama inaweza kuamuru kesi hizo zisikilizwe pamoja, mashahidi wakaitwa mara moja badala ya mara mbili. Lakini haiwezi kuifanya mali ya wawili kuwa fungu moja. Mwanzo deni la mirathi moja hulipwa kwa nyingine, ndipo kila moja hugawiwa kwa warithi wake.

Kiswahili kinayo tofauti hiyo tayari, wala hakihitaji kuazima. *Kuunga* ni kufanya ncha mbili zikutane huku kila kitu kikibaki na umbo lake, kama vile kuunga kamba. *Kuchanganya* ni kufanya vitu visijulikane tena kimoja kimoja, kama maziwa na maji. Kesi huunganishwa, mali haichanganywi. Mzee wa Kiturkana anayechunga pamoja na jirani yake analijua jambo hilo kwa alama za masikio ya mbuzi wake. Mkalimani anayesema mahakamani kwamba "kesi zimechanganywa" hajatoa kosa dogo la mtindo. Amewaambia warithi wa nyumba moja kwamba wanyama wao sasa ni wa wote, na haishangazi wakitoka mahakamani kwa hasira na kuacha kurudi.

6. KUTENGANISHA

Kitendo cha tatu ndicho chenye maneno mengi zaidi, na ndicho chenye madhara makubwa zaidi. Katika mazungumzo ya mahakama, *kutenga*, *kutenganisha* na *kugawanya* hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sheria inayo mambo matatu tofauti.

*Kutenga* ni kuweka kando. Hati ya usimamizi hutolewa kwanza. Kwa kawaida miezi sita ikiisha kupita ndipo msimamizi huomba ithibitishwe, na kabla ya kuthibitishwa mali haigawiwi. Wakati wa kuthibitisha, mtu akitokea na kudai kwamba kiwanja fulani si cha marehemu bali ni chake, kanuni ya 41 inairuhusu mahakama kukiweka kando kiwanja hicho hadi dai litakapoamuliwa peke yake, na kuendelea kuwagawia warithi mali isiyo na mgogoro. Tangu mwaka 2012, ilipoanza kazi Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoundwa chini ya Katiba mpya, migogoro ya umiliki wa ardhi imekuwa na mahakama yake. Katika nchi ya Turkana, ambako ardhi nyingi ilikuwa ardhi ya amana chini ya halmashauri na baadaye ikaingia chini ya Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya mwaka 2016, swali la kama marehemu alikuwa na kiwanja au alikuwa na ruhusa tu ya kukikalia huzuka mara kwa mara. Kilichotengwa hakijapotea, wala hakijatolewa kwa yeyote. Mrithi asiyeelezwa hivyo hudhani amenyang'anywa.

*Kutenganisha* ni kuachanisha vilivyokuwa pamoja: kesi ya baba na ya mwana zilizofunguliwa kwa ombi moja kimakosa, au dai la ardhi na dai la urithi yaliyoandikwa katika karatasi moja. *Kugawanya* ni kumpa kila mrithi fungu lake. Ndilo jambo la mwisho, na ndilo ambalo kila mtu alilijia.

Katika kugawanya ndipo mila na sheria hukabiliana waziwazi. Kifungu cha 40, kwa mtu aliyekuwa na wake wengi, kinataka mali igawiwe nyumba kwa nyumba kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, huku mjane akihesabiwa kama kizio kimoja zaidi. Mila iliyoelezwa na Gulliver nayo hugawa kwa nyumba, lakini haihesabu vichwa; hutazama wanyama gani walikuwa wa *ekol* ipi. Mawili haya yanafanana kwa neno na kuachana kwa hesabu. Neno la Kiswahili *nyumba* limeyafunika yote mawili. Wakili asemapo "nyumba ya pili", anataja kundi la watoto wa kuhesabiwa. Mzee ajibupo kwa neno hilohilo, anataja kivuli cha mama na mifugo iliyokamwa chini yake.

Aidha liko suala la mabinti. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika mirathi ya familia ya Bonde la Ufa ambayo nyumba yake moja ilikuwa na mabinti watupu, ilikataa hoja kwamba binti apunguziwe fungu kwa kuwa ataolewa. Katiba ya mwaka 2010 iliimarisha msingi huo kwa kifungu chake cha 27 juu ya usawa, na kwa kifungu cha 2 kinachobatilisha mila inayopingana nayo. Mifugo ya Turkana ilikuwa imewekwa upande wa mila na kifungu cha 32 cha Sheria ya Mirathi. Katiba ikaja juu ya vyote viwili. Kwa hiyo jaji wa Lodwar mwenye mirathi ya ngamia mbele yake hawezi kuishia kuuliza mila inasema nini. Analazimika pia kuuliza kama mila hiyo imesalimika mbele ya Katiba.

7. KAKUMA NA SWALI LA MAKAZI

Kakuma iliongeza tatizo ambalo watunga sheria wa mwaka 1972 hawakulitazamia. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, kwanza kwa vijana wa Sudan waliofika kwa miguu, kisha kwa Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Makazi ya Kalobeyei yakafuata katika miaka ya 2010. Watu hawa wamefanya biashara, wameoa, wamezaa na wamefariki. Mirathi ya mkimbizi mwenye duka kambini ni mirathi kweli.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mirathi kinasema kwamba mali isiyohamishika iliyoko Kenya hufuata sheria ya Kenya, lakini mali inayohamishika hufuata sheria ya nchi ya maskani ya kudumu ya marehemu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, unasema katika kifungu cha 12 kwamba hali ya kibinafsi ya mkimbizi hufuata sheria ya nchi ya maskani yake ya kudumu au, kama hana, ya nchi anamoishi. Mamlaka ya hakimu nayo, kama ilivyoelezwa, hutegemea makazi ya mwisho. Na wanapokuwa Waislamu, mahakama ya kadhi inaweza kusikiliza kesi chini ya kifungu cha 170 cha Katiba iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Asipokubali mmoja, kesi hubidi iende kwingine.

Sheria ya Kiingereza hapa ina dhana mbili, na Kiswahili cha mahakamani mara nyingi huzitaja zote kwa neno moja, *makazi* au *makao*. Mkalimani akimwuliza mjane wa Kisomali au wa Kikongo, "Makazi ya marehemu yalikuwa wapi?", jibu "Kakuma" na jibu "Baidoa" au "Uvira" yote ni ya kweli. La kwanza linaamua ni hakimu yupi asikilize. La pili huenda likaamua ni sheria ipi igawe. Ingefaa *makazi* libaki kwa mahali mtu anapoishi, na *maskani* litumike kwa nchi ambayo sheria inamhesabu kuwa ni yake kwa kudumu. Maneno yote mawili yamo katika lugha. Kinachokosekana ni mapatano ya kuyatumia.

8. HITIMISHO

Kazi ya kusanifisha istilahi za sheria si mpya. Mwaka 1968 A. B. Weston na wenzake Dar es Salaam walitoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili, na mahakama za mwanzo za Tanzania zimekuwa zikisikiliza mirathi kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Istilahi kama *msimamizi wa mirathi* imekomaa huko kwa kutumiwa. Mwaka 2021 Tanzania ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya ina uzoefu wa namna nyingine, nao una mafunzo yake: huko Kiswahili cha mahakamani kimekuwa daraja kati ya Kiingereza cha hati na lugha za nyumbani. Daraja halihitaji maneno mengi mapya. Linahitaji yale yaliyopo yawekwe imara.

Imeonekana kwamba *hamisha*, *unganisha* na *tenga* yanaweza kubeba sheria kwa usahihi, iwapo mipaka yake itachungwa: uhamisho utajiwe mwenye kuuamuru; kesi ziunganishwe bila mali kuchanganywa; kilichotengwa kisidhaniwe kimegawiwa; makazi yasichukuliwe kuwa maskani. Kila moja ya tofauti hizo inamhusu mtu aliyesafiri kutoka Kakuma hadi Lodwar, na zamani hadi Kitale, akiwa na cheti cha kifo na barua ya chifu mkononi. Mtu huyo ametoka katika jamii iliyojua kutambua mbuzi wake mmoja katikati ya kundi la watu wengi. Wataalamu wa lugha wanadaiwa kumpa maneno yatakayomwezesha kulitambua fungu lake katikati ya mafaili.